Siku Mkokoteni wa Wamormoni Ulipomwaga Kahawa Mji wa Kale

Niwataje kabisa waliokuwepo, maana mkasa huu kila mtu anausimulia kwa namna yake, na wengine wameufikisha mpaka Malindi ukiwa na mambo ambayo hayakutokea. Alikuwepo shangazi yangu Sidi, aliyetoka Kaloleni. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Katana na Dama. Alikuwepo Elda Jensen, Mmarekani mrefu, na mwenzake Elda Otieno wa Kisumu. Alikuwepo Ndugu Mutua, kiongozi wa tawi letu la kanisa. Alikuwepo Mzee Mselem muuza kahawa, na wazee wenziwe barazani. Na nilikuwepo mimi, Karisa, nimesimama kati ya mikono ya mkokoteni, nimevaa tai. Waumini wengine walikuwa nyuma wanaimba, lakini hao waliona migongo tu. Aibu ile ni yangu, na mtu akiniuliza sikatai, namwambia keti nikueleze.

Baba alikuwa hamali wa mkokoteni pale soko la Marikiti. Alipofariki, na mama akamfuata kabla hatujamaliza kupokea rambirambi, mimi nilikuwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikashika mkokoteni, Katana akiwa mdogo na Dama akiwa wa kubebwa mgongoni. Tulikuwa na chumba kimoja Majengo, na humo nilijiapia jambo moja tu, kwamba sisi watatu hatutagawanywa. Ndugu wa baba walikuwa wakija kila mara na mipango yao, huyu amchukue huyu, yule amchukue yule, na mimi nawasikiliza, nawapikia ugali, nawasindikiza stendi, na watoto wanabaki.

Sasa, hawa Wamormoni niliwajua kwa njia ya mzigo. Walihamisha viti na meza kupeleka nyumba ya ibada waliyokodi Ganjoni, wakanichukua mimi, na Elda Jensen akakataa kutembea mikono mitupu, akasukuma nyuma mpaka shati jeupe likamganda. (Watu wa Majengo walikuwa wakiwaita vijana wa tai. Hawaendi popote ila wawili wawili, na ingawa wana miaka kama ishirini wanaitwa Elda, yaani mzee, jambo ambalo shangazi alipoelezwa aliuliza kama kwao wazee wamekwisha.) Njiani akaniambia, na Elda Otieno akifasiri, kwamba wazee wa dini yao zamani walifukuzwa makwao, wakavuka nchi nzima kwenda penye ziwa la chumvi, na wasiokuwa na uwezo wa kununua ng'ombe wa kukokota walikokota wenyewe. Kwa mikokoteni. Baba mbele, mama nyuma, watoto juu na vyombo, theluji inawaangukia, na wengine wakazikwa njiani. Bibi yake bibi yake alizaliwa katika safari ile.

Mimi nikausimamisha mkokoteni katikati ya barabara. Maisha yangu yote nilikuwa sijapata kusikia dini yoyote inayomtaja hamali wa mkokoteni, achilia mbali kumsifu. Jumapili iliyofuata nikaenda kuwasikiliza, na baada ya muda nikabatizwa, mimi na Katana (Dama alikuwa bado hajafikisha umri wanaoutaka wao). Nikaweka ahadi zote pale majini, na mojawapo ni kutokunywa pombe, wala kuvuta tumbaku, wala kunywa chai ya majani wala kahawa. Kwa mtu wa Mombasa hizo mbili za mwisho si mchezo, lakini nimezishika.

Habari zikafika Kaloleni, na zilipofika zilikuwa zimeshanenepa. Shangazi Sidi ndiye dada mkubwa wa baba, mwanamke mzito wa mwili na wa maneno, akateremka na kikapu chake. Akaketi kitandani akanitazama.

"Karisa, nimeambiwa umeingia dini ya Wazungu na umeacha hata chai."

"Ndiyo, shangazi."

"Ukaacha na akili?"

"Hapana, shangazi."

"Haya. Nitakaa nione. Nikiona una akili zako narudi peke yangu. Nikiona vingine, watoto nabeba. Katana ataenda Mariakani kwa ami yenu, kuna mbuzi wa kuchungwa, na Dama nitakaa naye mimi. Na usinipikie ugali safari hii kunilainisha."

Alikuja siku ambayo mimi niliiona ni bahati. Ilikuwa mwezi wa saba, ambapo Wamormoni huwakumbuka wale wazee wao wa mikokoteni, na Ndugu Mutua alikuwa ametangaza kwamba mwaka huo tawi letu halitakumbuka kwa maneno tu, litaandamana, na mkokoteni upo, na mwenyewe ni ndugu yetu Karisa. Maelda walipendekeza twende Mama Ngina kando ya bahari, kuna upepo na watu wengi. Nikasema hapana, tupite Mji wa Kale, tushuke mpaka ule uwanja wa mbele ya Bandari ya Kale, tule chakula chetu pale, kwa kuwa njia zile nazijua kama ninavyokijua chumba changu. Na kweli nazijua. Kosa halikuwa njia.

Kosa lilikuwa viatu.

Mtu wa mkokoteni huvaa akala, ndara za tairi, na si kwa umaskini tu. Ukiteremka mlima na mzigo, unanyanyua mikono ya mkokoteni juu, mkia wake unagusa chini, na pale mkiani tumegongomea kipande cha tairi ambacho kinakwaruza ardhi na kuupunguza mwendo. Hiyo ndiyo breki, hakuna nyingine. Lakini ili unyanyue lazima miguu iwe imeng'ata chini, na kinachong'ata ni akala. Mambo haya nilifundishwa na baba kabla sijajua kuandika jina langu.

Basi asubuhi ile nikavaa shati jeupe, nikavaa tai niliyopewa na Ndugu Mutua, halafu nikatoa chini ya kitanda viatu vya akiba vya Elda Jensen alivyonizawadia, vyeusi, vya ngozi, nyayo zake zimelainishwa na lami ya Mombasa mpaka zinang'aa kuliko juu. Vilikuwa vikubwa. Nikajaza magazeti mbele.

Dama akavitazama. "Kaka, utavuta mkokoteni na hivyo?"

"Leo si kazi. Leo ni ibada."

"Kumenyesha," akasema Katana, na akaniletea akala mkononi.

Nikamwambia aziweke mkokotenini kama anazipenda sana. Shangazi alikuwa mlangoni, na mimi sikutaka shangazi anikute na akala siku ya kwanza anayowaona watu wangu. Nilitaka anione kama mtu mwenye tai anavyoonekana, kuanzia juu mpaka chini. (Ungenitazama sana ungeona kwamba magazeti yalikuwa yanachungulia nyuma ya kisigino.)

Tulipofika Ganjoni watu wote walikuwa tayari, akina mama wamefunga vitambaa kichwani na kuvaa gauni ndefu kama wale wa zamani kwenye picha. Mkokoteni ukapakiwa vyungu viwili vitupu na blanketi, vya kuonyesha tu, na hapo Ndugu Mutua, mtu muungwana mno, akageuka akamwona shangazi amesimama peke yake.

"Mama, wewe ni mgeni wetu, na umetoka mbali. Wale wazee walikuwa wakiwapakia wakubwa wao. Panda."

"Nipande wapi?"

"Mkokotenini, mama. Kwa heshima."

Nilidhani atakataa. Shangazi akanitazama mimi, akautazama mkokoteni ambao kaka yake aliuvuta mpaka akafa, akasema, "Kaka hakupata kunipakia hata siku moja, alikuwa akisema mimi ni mzigo wa magunia mawili." Akapanda. Elda Jensen akashika nyuma asukume, kama alivyozoea kuona kwenye picha za kwao. Tukaanza.

Na niseme kweli, mwanzo ulikuwa mzuri. Mpaka tunaingia Mji wa Kale watu wanatoka milangoni kututazama, watoto wanafuata, waumini wanaimba, na shangazi juu anaitikia salamu kama bibi harusi. Kuna mama mmoja alitoa kichwa dirishani akauliza, "Yakhe, hii ni siasa au ni arusi?" na Elda Otieno akamjibu kwamba ni historia, na yule mama akasema afadhali, siasa tumechoka. Hata mimi nilianza kutembea kwa madaha, nikasahau kwamba njia ilikuwa inainama.

Kile kichochoro cha kushukia bandarini nimekishuka mara nyingi nisizoweza kuzitaja, na magunia ya unga, na makreti ya soda, na siku moja kabati la milango mitatu. Mvua ilikuwa imeacha utelezi juu ya mawe. Nikahisi mzigo unaanza kunisukuma mgongoni, nikafanya ninavyofanya siku zote, nikakita kisigino ninyanyue mikono juu, na kisigino kikaenda zake. Nikakita cha pili, nacho kikaenda. Nikaketi. Niliketi chini kabisa, bado nimeshika mikono ya mkokoteni, na kwa kuwa mikono ilikuwa chini basi mkia ulikuwa juu, na breki yangu ilikuwa juu inapunga upepo, na mkokoteni wenye magunia mawili ya shangazi ukanisukuma kuteremka nimekaa kitako kama mtoto anayecheza, tai imeruka begani, na suruali naisikia inaagana nami mshono baada ya mshono.

"Karisa!" shangazi akapiga kelele. "Karisa, simamisha!"

"Nasimamisha, shangazi!" (Sijui kwa nini nilisema hivyo.)

Elda Jensen alishikilia nyuma kwa nguvu zake zote, lakini yeye naye viatu vilikuwa vya ngozi, ndugu wa vile vyangu, kwa hiyo sasa wote tulikuwa tunateleza, mmoja mbele ameketi na mmoja nyuma amesimama, na shangazi katikati anamwita baba yangu kwa jina. Njia nzima ilipisha. Aliyekuwa hawezi kupisha ni Mzee Mselem, kwa kuwa meza yake ya kahawa iko mahali pamoja, penye pembe ya baraza, tangu mimi sijazaliwa.

Gurudumu likapanda kidaraja cha baraza, mkokoteni ukainama upande kama mtu anayemimina, na ukammimina shangazi juu ya mkeka barazani, katikati ya wazee waliokuwa wanasubiri kahawa, wakasogea kumpa nafasi. Mkono mmoja wa mkokoteni ukaigonga meza. Vikombe vikaenda. Dele la shaba, lile birika lenye mdomo mrefu, ndiyo kwanza lilikuwa limewekwa juu ya makaa na halijapata moto, Mungu ni mkubwa. Likaruka, likageuka, na kahawa yote, nyeusi, ikamshukia Elda Jensen kuanzia ukosi wa shati mpaka mshipini.

Hata kuimba kulikoma. Dele lilikuwa bado linabingirika, na sisi wote tunalisikiliza.

Mzee mmoja barazani akasogeza kofia yake. "Hawa si ndio wale wasiokunywa kahawa?"

"Ndio hao," mwenziwe akajibu. "Hawainywi. Wanaioga."

Mtaa mzima ukacheka, na kicheko cha Mji wa Kale kinapanda ghorofani kinarudi. Elda Jensen akatazama shati lake, akasema "Pole, pole sana," akiwaomba radhi wao kwa kahawa iliyommwagikia yeye. Ndugu Mutua alikuwa anaokota vikombe. Mimi nilisimama, kisha nikaona ni bora niketi tena, kwa kuwa nyuma sikuwa na suruali ya kutosha.

Shangazi peke yake hakucheka. Alitengeneza leso yake, akanyoosha mkono, akasema kwa sauti ya chini ambayo niliisikia kuliko vicheko vyote, "Katana. Dama. Njooni. Tunakwenda kufunga nguo zenu."

Dama akaanza kulia. Katana hakulia, alinitazama mimi. Ningesema nini? Nina akili zangu? Nimeketi chini, viatu vya mtu, magazeti yametoka, mkokoteni wa baba umeegemea ukuta wa watu, na aliyeahidi kukaa aone alikuwa ameona.

Mzee Mselem akavua kikoi cha begani, akanirushia. "Jifunge, mwanangu. Njoo hapa, ukae." Halafu akamgeukia shangazi, taratibu, kama hakuna kilichotokea. "Sabalkheri, mama."

"Ni saa hii ya kusalimiana?"

"Umekaa kwangu, sikukusalimu. Nina dele jingine ndani. Unywe, kisha uondoke. Hasira haiendi mahali."

Shangazi hakuwa Mmormoni, na kahawa alikuwa anaipenda. Akapokea kikombe.

"Watoto hawa ni wa nani?" Mzee Mselem akauliza.

"Wa kaka yangu. Marehemu. Nawachukua, nisije nikawaacha kwa huyu kichaa."

"Huyu?" Mzee Mselem akaninyooshea kidole. "Huyu namjua."

"Unamjua vipi?"

"Kila asubuhi anapita hapa, kabla ya mimi kuwasha makaa vizuri. Anapita na mkokoteni mtupu, na juu yake huyu mtoto mwanamume ameketi na mkoba wake wa skuli, na huyu mtoto mwanamke amelala amefunikwa gunia. Anawashusha skuli, ndipo anakwenda kutafuta mzigo. Mvua ikinyesha anavua shati anawafunika. Anapita, anasema shikamoo mzee, nasema marahaba. Miaka, mama. Leo ndiyo mara ya kwanza mkokoteni wake kunigusa, na leo ndiyo mara ya kwanza namwona na viatu."

Nilikuwa sijui kwamba kuna mtu ananitazama. Unapovuta mkokoteni unatazama njia.

Shangazi akakizungusha kile kikombe mkononi, akawatazama watoto, Dama amelishika shati langu na Katana ameshika akala zangu kifuani, amezichomoa mkokotenini. Kisha akamnyooshea Mzee Mselem kikombe.

"Ongeza."

Akanywa cha pili mpaka kwenye machicha. Halafu akasema, "Karisa, vaa ndara zako. Unipeleke stendi, na nitakwenda kwa miguu yangu, hicho chombo chako sikipandi tena mpaka nife."

"Na watoto, shangazi?"

"Watoto wana skuli kesho."

Chakula tulikula pale pale barazani na pembeni ya njia, hatukufika bandarini, na wale wazee wakala nasi, isipokuwa kwamba wao walikuwa wakimpisha Elda Jensen kila apitapo wakisema ananukia vizuri leo. Dele lilikuwa limevunjika mdomo; Ndugu Mutua akalipeleka kwa mfua shaba, likarudi zima. Nami nikamwendea Mzee Mselem kumshukuru na kumwambia sasa tumemalizana.

"Ya dele yamekwisha," akasema. "Yangu bado. Mimi nimemwambia shangazi yako kwamba nakujua. Mbele ya watu. Wewe unamjua mtu gani hapa ambaye hujapata kuketi naye ukanywa kahawa? Maneno yangu yananing'inia. Uje uketi, tunywe kikombe kimoja, niwe sikusema uongo."

"Mzee, nimeweka ahadi. Siwezi."

"Najua huwezi. Nimekwambia unalipa lini? Nimekwambia unadaiwa tu."

Nimejaribu kumlipa kwa njia nyingine. Nimempelekea kuni na mkaa, nimembebea maji mifereji ilipokauka, amepokea na kushukuru, na kusema hizo ni zawadi. Nilimpelekea tangawizi ya moto tunywe hiyo pamoja, akanusa, akaniambia hiyo ni dawa ya kikohozi. Nilimwuliza Ndugu Mutua, naye akafikiri sana, akasema ahadi ni yangu na deni ni langu, na yeye ataniombea. Kwa hiyo napita kila asubuhi, na akala miguuni, kwani viatu vya ngozi nimeapa sitavivaa tena hata siku ya harusi yangu kama bibi harusi atakaa mahali pa mteremko. Katana yuko sekondari sasa, anakwenda kwa miguu, anaona haya kupanda mkokoteni, na Dama ndiye bado anapanda akiwa na usingizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo?"

"Bado, mzee."

Juzi alinisimamisha. Akasema nisikawie sana kulipa, daktari amempima moyo, naye vilevile sasa anataka kumkataza kahawa. Nikamwambia pole. Akasema si pole anayoitaka, akajimiminia kikombe, akakinywa polepole akinitazama, na mimi nikainua mikono ya mkokoteni nikaenda zangu.